Sura ya Nchi Ukutani: Kupamba Nyumba ya Bulla Pesa kwa Picha za Kale

Sebule nyingi za Bulla Pesa, mtaa wetu hapa Isiolo, zina maporomoko ya maji ambayo hakuna mtu wa nyumba hiyo aliyewahi kuyaona. Ni bango la plastiki la sokoni: maji meupe, miti ya majani mekundu, kibanda cha mbao chenye theluji juu ya paa. Mgeni akiuliza hapo ni wapi, mwenye nyumba hucheka tu. Na nje ya mlango huo huo, asubuhi kabla mawingu hayajajikusanya, Mlima Kenya umesimama upande wa kusini. Ukishika barabara ya kaskazini kwa kama kilomita 35 unafika Archer's Post na kuuvuka mto Ewaso Nyiro. Endelea mbele zaidi, mlima Ololokwe unainuka kutoka tambarare, kichwa bapa na ubavu wa mwamba mtupu.

Haya ni maelekezo kwa yule anayetaka kulishusha lile bango na kutundika picha ya kale ya nchi hii hii, iliyochapwa kwenye kanvasi. Nina sharti moja tu: usitundike mahali ambapo hapana mtu nyumbani mwako, wala mtaani mwako, anayeweza kupasimulia. Picha ya kale hupendeza macho, sikatai, lakini sebuleni kazi yake kubwa ni kumfungua mzee mdomo.

Mandhari ina faida nyingine katika mtaa kama wetu, ambamo Mborana, Msomali, Mmeru, Mturkana na Msamburu hutembeleana. Nyumba nyingi za Kiislamu hazipendi sura ya mtu au mnyama ukutani, hasa katika chumba kinachoswaliwa. Mlima, mto, mti na jiwe havina utata huo kwa wanavyuoni walio wengi, kwa hiyo picha ya nchi huingia karibu kila nyumba bila ubishi. Ila ikague vizuri kabla hujalipia. Picha za zamani zina tabia ya kuficha ngamia pembeni au mchungaji chini ya mgunga. Wengine hawajali kiumbe aliye mbali kiasi cha kuonekana kama alama tu. Wengine hawataki hata huyo. Muulize mkuu wa nyumba kabla ya kuchapa. Ukimwuliza baada ya kutundika, umeshaanzisha kikao.

Na kwa nini kanvasi, si karatasi na kioo? Kioo hupasuka njiani, na mwanga wa Isiolo ukipenya mlangoni saa saba mchana, kwenye kioo utaona mlango na kichwa chako mwenyewe. Kanvasi haing'ai, ni nyepesi, hata ukuta wa mbao unaibeba. Zaidi ya hayo, ufumaji wa kitambaa huisitiri picha chakavu. Mikwaruzo na ukungu ambavyo vingekukera kwenye karatasi laini, kwenye kitambaa humezwa na nyuzi.

Picha zenyewe ziko wapi

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo tukae kidogo. Zamani za ukoloni, nchi iliyo kaskazini mwa Isiolo ilikuwa eneo lililofungwa. Palikuwa na kizuizi barabarani, na msafiri hakupita bila kibali. Waliopita na kamera walikuwa maofisa, wanajeshi, wawindaji, watafiti na wageni waliojuana na serikali. Ndiyo sababu picha nyingi za kale za Kaskazini hazimo makabatini mwetu. Zimo Oxford, London, Washington na Kansas. Inaudhi, lakini angalau inatuonyesha pa kuelekea.

Hata hivyo anza nyumbani. Mtafute askari mstaafu, mwalimu wa zamani, aliyekuwa mganga wa mifugo, dereva aliyeendesha malori ya Moyale kabla ya lami. Watu hawa walipigwa picha kazini, na watu wakisimama kupigwa picha, nchi husimama nyuma yao. Vijana watatu wameegemea Land Rover. Nyuma ya mabega yao kuna mto uliojaa hadi ukingoni, na mto huo ndio unaoutafuta. Ingia kwa adabu, kunywa chai, kisha mwulize bibi wa nyumba: "Akko, ule mkebe wa biskuti uliokuwa na picha, bado uko?" Mkebe ukiletwa, usikimbilie picha zilizosafishwa. Tafuta negatifu, zile kanda za kahawia ambazo watoto huzichezea kwa kuziweka juani. Negatifu ya milimita 35 ina habari nyingi kuliko picha ndogo iliyotokana nayo, na ile kubwa ya kamera za sanduku ina nyingi zaidi.

Nyumbani pakishindikana, nenda Nairobi kwenye Jumba la Nyaraka za Taifa, lile jengo la kale la Bank of India kati ya Moi Avenue na barabara ya Tom Mboya. Wengi huishia ghorofa ya chini kutazama vitu alivyokusanya Joseph Murumbi, kisha hutoka. Wewe ulizia picha, ukiwa na majina ya mahali na miaka unayoitaka. Mhudumu hawezi kukusaidia ukimwambia tu "nataka picha za zamani".

Kwa mwenye simu na bando, Maktaba ya Bunge la Marekani mjini Washington ndiyo mlango mpana kuliko yote. Mkusanyiko wa Matson, uliotoka kwa wapiga picha wa Jerusalem, una picha za safari ya 1936 kupitia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Mafaili yake ni makubwa, yanapakuliwa bure, na maktaba yenyewe inasema haijui kizuizi chochote juu ya matumizi yake. Chuo Kikuu cha Northwestern kina mkusanyiko wa Winterton, picha za Afrika Mashariki zipatazo 7,600 za kati ya 1860 na 1960. Jumba la Nyaraka za Taifa la Uingereza limeweka mtandaoni picha za iliyokuwa Wizara ya Makoloni. Huko soma masharti yaliyo chini ya kila picha kabla ya kuchapa.

Jumba la Makumbusho la Pitt Rivers, Oxford, lina urithi wa Wilfred Thesiger, yule Mwingereza aliyetembea na ngamia kaskazini mwetu tangu mwanzo wa miaka ya 1960 na baadaye akakaa Maralal miaka mingi. Negatifu zake ni takriban 38,000, za nchi nyingi, na za huku kwetu zimo. Hizi hazichukuliwi hivi hivi. Unaandika kuomba ruhusa na kulipia. Kwa maoni yangu inafaa kulipa. Alikuwa na jicho la mtu aendaye kwa miguu, na hilo linaonekana kwenye upeo wa picha zake. Kwa wenye asili ya Marsabit, Martin na Osa Johnson waliishi kando ya Ziwa Paradise, juu ya mlima ule, kati ya 1924 na 1927. Jumba lenye jina lao liko Chanute, Kansas. Waliwapenda mno tembo na simba, kwa hiyo utapekua mengi kabla ya kupata msitu na ziwa peke yake.

Na Mlima Kenya? Hapo nina upendeleo, nakiri. Halford Mackinder alifika kilele cha Batian tarehe 13 Septemba 1899, na katika msafara wake Campbell Hausburg alipiga picha. Wakati ule mlima ulihesabiwa kuwa na mito ya barafu 18. Mkubwa kati yake, Lewis, ulipimwa mwaka 1934. Kufikia 2010 ulikuwa umepoteza kiasi cha asilimia 90 ya ujazo wake. Maana yake ni kwamba picha ya mlima ya 1899 au ya miaka ya 1930 inaonyesha kitu ambacho mtoto wako hawezi kukiona hata ukimpandisha kwa mgongo. Kwa nyumba ya Bulla Pesa sioni picha yenye haki zaidi ya ukuta mkubwa, maana Ewaso Nyiro hupata maji yake kutoka mlima huo na safu ya Aberdare kabla ya kushuka kwetu na kuishia kwenye kinamasi cha Lorian. Mtoto akiuliza mbona mto hukauka, msogeze kwenye picha.

Hila moja itakuokolea usiku mzima wa kutafuta: andika majina kama walivyoyaandika wao. Ukitafuta "Ewaso Nyiro" utapata picha za watalii wa juzi. Jaribu "Guaso Nyiro" na "Uaso Nyiro". Ziwa Turkana liliitwa Rudolf hadi 1975, na picha za kabla ya hapo zimehifadhiwa kwa jina hilo. Jaribu "Northern Frontier" na "Kenya Colony". Kisha usiamini maelezo yaliyo chini ya picha. Karani aliyeyaandika hakuwahi kufika huku, na nimeona vilima vikipewa majina ya vilima vingine. Mwonyeshe mtu aliyechunga pale.

Kuhusu sheria, ni fupi. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, picha hulindwa miaka 50, ikihesabiwa kuanzia mwisho wa mwaka ilipopigwa, ilipotolewa kwa umma au ilipochapishwa mara ya kwanza, lolote litakalokuwa la mwisho. Picha iliyopigwa na kuchapishwa hapa mwaka 1970 imekwisha kuwa huru. Uingereza huhesabu maisha ya mpiga picha na miaka 70 baada ya kifo chake, kwa hiyo ukiagiza huko utakutana na masharti ya huko. Ukiwa na shaka, Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, ndiyo ya kuulizwa. Na usikate kurasa za vitabu vya mpiga picha Mohamed Amin, nakusihi. Kwanza zina wenyewe. Pili, picha ya kitabuni imeundwa kwa nukta ndogo ndogo za wino, na ukiikuza unakuza nukta. Ichunguze kwa kioo cha kukuzia. Ukiona nukta zimejipanga kama ushanga, iache. Postikadi nyingi pia zimechapwa hivyo, ila zile zilizosafishwa kwenye karatasi halisi ya picha, kama za Pegas Studio ya Nairobi, hukuzika vizuri.

Neno jingine kabla hatujaondoka hapa. Vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967 viliacha majeraha katika kaunti hii, na kuna mahali ambapo wengine huona mandhari tu na wengine hukumbuka kambi na mifugo iliyoteketea. Picha ya uwanda mtulivu inaweza kuwa ya mahali kama hapo. Iweke mezani kwanza mbele ya wazee wako. Wakinyamaza kwa namna fulani, utajua si ya ukutani.

Kutoka mkebeni hadi kwenye faili

Hesabu ndiyo inayoamua ukubwa wa picha. Kanvasi ya sebuleni inaridhika na pikseli 150 kwa kila inchi. Ikitazamwa kutoka hatua tatu au nne, hata 100 zinatosha. Kwa hiyo kanvasi ya inchi 36 kwa 24 yataka faili la pikseli 5,400 kwa 3,600, au angalau 3,600 kwa 2,400. Picha ya kawaida ya inchi 6 kwa 4 ikiskaniwa kwa 600 kwa inchi inakupa hizo 3,600 kwa 2,400. Hapo umefika inchi 24 kwa 16 bila shida, na 36 kwa 24 kwa kujikaza. Negatifu ya milimita 35 ikiskaniwa kwa 4,000 inakupa takriban pikseli 5,600 kwa upana.

Vijana wa saiba wana mazoea ya kuskani kila kitu kuwa PDF, kwa sababu wateja wao wengi huleta vyeti na vitambulisho. Mwambie mapema: "Ndugu yangu, niwekee 600, rangi, na usave TIFF." Sema rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, maana ule uhudhurungi wa karatasi kuukuu unaweza kuhitajika baadaye. Futa kioo cha skana kwanza kwa kitambaa kikavu. Vumbi la Isiolo halibagui.

Pasipo skana, simu nzuri yafaa. Ilaze picha barazani penye kivuli cheupe, simama ili simu iwe sambamba nayo kabisa, zima flashi. Ukishapata faili, usilitume kwa WhatsApp kama picha. Litume kama dokumenti. WhatsApp hubana picha mpaka faili la kuchapa ukuta linabaki la kuchapa kadi ya mwaliko.

Sasa marekebisho. Ondoa vumbi na mikwaruzo, nyoosha upeo wa macho kama umelala upande, kata kingo zilizooza. Halafu acha. Siku hizi kuna programu zinazopaka picha ya zamani rangi kwa kubofya mara moja, na watu huzipenda. Mimi sizipendi kwa kazi hii. Programu imejifunza kwa picha za nchi nyingine, hivyo kwayo nyasi ni kijani na mchanga ni wa pwani. Itapaka jangwa la Chalbi rangi ya ufuo, na itaweka majani mahali ambapo picha ilipigwa katikati ya kiangazi. Programu zinazokuza picha zina kosa hilo hilo: zikikosa habari huzibuni, na kilima chako kinaota vichaka ambavyo havikuwapo. Ukuzaji mdogo sawa, mkubwa, hapana.

Jambo la mwisho kwenye faili ni mwanga. Skrini ya simu inawaka, kanvasi haiwaki. Picha inayopendeza kwenye simu itatoka nzito ukutani, na vivuli vya chini ya miti vitakuwa weusi mtupu. Ongeza mwanga kidogo kuliko unavyoona inafaa, hasa kwenye vivuli.

Mchapaji na seremala

Wenye mashine za mabango wako wengi, na hapo ndipo penye mtego. Ukisema tu "nichapie kubwa", utapewa bango la plastiki, ndugu yake yule uliyemshusha. Taja kanvasi ya kitambaa, shika sampuli kwa mkono, uigeuze nyuma uone nyuzi. Ukiikosa Isiolo, Meru haiko mbali, Nanyuki vilevile, na Nairobi wapo wachapaji wa kila aina. Wengi hutoza kwa ukubwa wa eneo, kwa hiyo peleka vipimo na si maelezo.

Kama picha ni nyeusi na nyeupe, omba kipande cha majaribio, hata cha upana wa kiganja, kabla ya kazi yote. Mashine huchanganya wino wa rangi ili kupata kijivu, na mchanganyiko ukikosea kidogo mlima unakuwa wa kijani au wa zambarau. Kitoe nje ukitazame kwenye mwanga wa jua, si chini ya taa ya dukani. Ulizia pia kama watapaka vanishi isiyong'aa juu yake. Kwa mji wenye vumbi kama wetu hilo si anasa. Bila vanishi huwezi kuifuta.

Mwambie mchapaji akuachie inchi 3 za ziada kila upande za kukunjia kwenye fremu. Ziada hiyo iwe nyeupe, nyeusi, au mwendelezo wa picha, lakini amua mwenyewe. Ukikaa kimya, fundi atakunja kilele cha Batian nyuma ya mbao.

Isafirishe ikiwa imeviringishwa, picha ikitazama nje, si ndani, ili wino usipasuke itakaponyooshwa. Bomba la plastiki la maji la inchi 4 lililofungwa ncha zote mbili linafaa kuliko mfuko wowote, na hata likilaliwa na gunia la viazi kwenye matatu ya Meru, picha itafika salama.

Fremu apige seremala wa hapa hapa. Mbao za saipresi za inchi 2 kwa 1 zatosha, mradi ziwe kavu. Mbichi zitajipinda kabla ya Ramadhani ijayo. Ukingo wa ndani wa mbao aupige randa uteremke, kitambaa kiguse ukingo wa nje tu, la sivyo baada ya miezi michache utaona mistari ya fremu imejichora mbele ya picha. Ikizidi futi 3, aweke mbao ya kati. Stepla zianzie katikati ya kila upande kuelekea pembeni, upande huu na ule wa mkabala kwa zamu. Akianzia pembeni, kitambaa kitakuwa na mikunjo ambayo haitoki. Na mbao zipakwe dawa ya mchwa mapema, kabla ya kitambaa kufika.

Kutundika

Vitabu vya mapambo husema katikati ya picha pawe kiasi cha sentimita 145 kutoka sakafuni, usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Ushauri huo ni wa nyumba za watu wanaosimama. Sebule yako ikiwa ya mito na mazulia, wageni wameketi chini wameegemea ukuta, macho yao yako chini ya mita moja, na picha iliyotundikwa kwa kipimo cha vitabu watatazama tumbo lake. Ishushe hadi katikati yake iwe kama sentimita 110 au 115. Kwenye ukuta wenye makochi, pima tofauti: acha shubiri moja ya nafasi, karibu sentimita 20, kati ya mgongo wa kochi na ukingo wa chini wa picha, na upana wa picha uwe kama theluthi mbili za kochi. Kochi la watu watatu lenye futi 6 linabeba picha ya futi 4. Ndogo kuliko hapo huonekana imepotea njia.

Picha moja kubwa ni bora kuliko sita ndogo. Chumba cha futi 10 kwa 10 tayari kina televisheni, kabati la vyombo, kalenda na saa. Ukiongeza vipande sita, macho hayana pa kupumzika. Kama ni lazima kugawa mandhari ndefu katika vipande vitatu, mkato usipite kileleni. Ololokwe, kwa kuwa ni bapa, unavumilia kukatwa. Mlima Kenya hauvumilii.

Nyumba yenye ubao wa Ayatul Kursiy, ubao huo ubaki juu, na picha isiupande kimo. Upande wa kibla uache mtupu ili anayeswali asivutwe na mto. Ukuta wa ubavuni unafaa. Ukuta wako ukiwa wa rangi kali, ile buluu ya bahari au waridi tunayoipenda huku, chagua picha nyeusi na nyeupe yenye mpaka mwembamba mweupe. Uhudhurungi juu ya waridi huonekana kama doa la chai.

Ukuta wa mawe au bloku uliopigwa plasta unataka drili, plagi ya plastiki na skrubu. Msumari wa stili utaibomoa plasta, kisha utainama. Tumia pimamaji ya fundi, usitegemee jicho, maana kwenye mandhari upeo wa macho ukilala hata kidogo kila mtu anaona. Nyumba ya mbao au mabati, usitoboe ukuta kabisa: funga waya mwembamba kwenye boriti ya juu uteremshe picha. Mpangaji mwenye landilodi mkali naye afanye hivyo hivyo, au aombe ruhusa ya matundu mawili tu na kupigilia papi moja ndefu ya mbao ambayo picha zote zitaning'inia kwayo.

Epuka ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Wino hufifia, na ukuta wa magharibi wa bati huoka. Epuka pia ukuta wenye alama ya maji kutoka paani, hata kama sasa ni kiangazi. Chetezo cha ubani kisikae chini ya picha. Moshi wa udi na wa jiko huacha utando wa mafuta unaokamata vumbi, na utando huo hauondoki kwa kufuta.

Gundisha vipande viwili vya mpira wa ndara kuukuu kwenye pembe za chini nyuma ya fremu ili hewa ipite. Ziba mgongo wa fremu kwa kitambaa chepesi cha pamba, kwa sababu nyigu wa udongo wanapenda mahali kama hapo, na mjusi naye. Kila mwezi ipitie kwa brashi laini ya rangi, kavu, kutoka juu kwenda chini. Maji ya sabuni, hapana. Mafuta ya taa, ambayo kuna watu huyatumia kung'arisha kila kitu, usithubutu.

Kabla ya kuziba ule mgongo, andika hapo kwa wino usiofutika: jina la mahali kwa lugha ya wenyeji wake, mwaka, aliyepiga, picha ilikotoka, na mzee aliyekuthibitishia. Kama majina ni mawili au matatu, mathalani Mlima Kenya ambao ni Kirimara kwa Wameru na una jina jingine kwa jirani, andika yote. Faili lenyewe usiliache kwenye simu inayoweza kuanguka mtoni. Liweke kwenye diski mbili katika nyumba mbili, na aliyekupa mkebe wa biskuti mpelekee nakala iliyochapwa, ndogo tu, pamoja na negatifu zake zote.